Kijana Wetu Apelekwe Chuo Gani?



Sisi tuliokulia Handeni, utotoni tulipolisikia neno "chuo" tulilijua kwa maana moja tu: pale barazani kwa maalim, penye mkeka, ubao na juzuu. Mtoto akiulizwa, "Watoka wapi?" akajibu, "Chuoni," hapakuwa na mtu aliyedhani ya kuwa ametoka kujifunza umeme. Siku hizi neno limepanuka. Mzazi hunijia baada ya sala ya alasiri, akaamkia, akakaa, kisha akasema, "Maalim, mtoto amemaliza kidato cha nne, nataka nimpeleke chuo." Nami yanipasa kuuliza: chuo gani, akasomee nini, apate cheti cha daraja gani, na cheti hicho kimfikishe wapi? Aghalabu hajui. Wala simlaumu, kwa maana mimi mwenyewe, niliye mwalimu wa mtoto wake, kwa miaka mingi sikujua.

Mimi elimu yangu ni Qurani na darasa la saba, ambalo nililimaliza mwaka 1984. Nimesomesha Handeni, kisha Korogwe, na vijana waliopita mikononi mwangu ni wengi. Katika miji yetu hii mwalimu wa madrasa huulizwa kila jambo: ndoa, mirathi, ugonjwa, hata mbuzi aliyepotea. Mtu akishazoea kuulizwa huzoea pia kujibu, na hapo ndipo penye hatari. Kisa nitakachokieleza ni cha kosa langu mwenyewe, nacho ndicho kilichonifanya niandike makala haya.

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa Korogwe, hafidhi wa juzuu kumi na mbili, alimaliza kidato cha nne. Matokeo yakatoka Januari, naye akaja nayo mbio. Elimu ya Dini ya Kiislamu alipata A. Kiswahili C, Historia D, Jiografia D. Mengine yote F. Baba yake akaniuliza, "Maalim, haya yanatosha kwenda kusomea stashahada?" Nilikuwa nimesikia kwamba hutakiwa kufaulu masomo manne. Nikahesabu kwa vidole: moja, mbili, tatu, nne. Nikasema yanatosha, alhamdulillahi, mpelekeni. Baba akauza mbuzi watatu na magunia ya mahindi aliyokuwa ameyaweka kungojea bei ya Machi, akapata nauli na ada ya maombi. Wiki chache baadaye kijana akarudi na jibu: hana sifa. Masharti yasema masomo manne pasipo kuhesabu masomo ya dini.

Naomba jambo hili lieleweke vizuri, kwa sababu nimelisikia likisemwa vibaya barazani. Sharti hili halikuwekwa kwa ajili ya Waislamu peke yao. Maarifa ya Biblia nayo hayahesabiwi, na kijana wa Kikristo huangukia papo hapo. Ndivyo ilivyoandikwa katika miongozo ya kujiunga na vyuo, nayo ilikuwa wazi kwa kila mwenye kutaka kuisoma. Mimi sikuisoma. Kijana alisimama mlangoni pangu, akanitazama, wala hakusema neno. Somo alilolipenda kuliko yote, nililomfundisha mimi tangu akiwa na miaka sita, ndilo lililomfanya ajione ana manne hali ana matatu. Mwezi uliofuata nilimwona stendi, yu juu ya pikipiki ya mtu, anangoja abiria wa kwenda Manundu.

Kuendesha bodaboda si aibu, ni kazi ya halali. Lakini yeye hakuichagua. Alisukumwa nayo na hesabu yangu mbovu.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza, nikiwa na mvi kichwani. Nilimwendea mwalimu mstaafu wa ufundi, jirani yangu, nikamwambia: nifundishe kama unavyomfundisha mtoto alifu na bee. Naye akanichorea kwenye karatasi ngazi mbili zilizounganishwa katikati.

Ngazi ya kwanza ni ya ufundi stadi. Hii ndiyo ya VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Ndani yake mna uashi, useremala, umeme wa majumbani, uchomeleaji vyuma, bomba, magari, ushonaji, upishi na mfano wa hayo. Tanga mjini kiko chuo cha VETA, na kwetu Handeni kiko Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, mojawapo ya vyuo vilivyoanzishwa kuanzia mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden, vikakusudiwa watu wazima wa vijijini na sasa hufundisha vijana kazi hizi hizi. Ngazi hii ina madaraja matatu: la kwanza, la pili na la tatu, vijana husema "levo". Kwa kawaida kila daraja ni kama mwaka mmoja wa masomo.

Na hapa nataka kuwatahadharisha wazee wenzangu. Zamani mafundi walifanya jaribio la gredi, na katika gredi ya tatu ndimo walimoanzia, ya kwanza ikawa ndiyo kilele. "Fulani ana gredi wani" lilikuwa neno la heshima. Levo za sasa zimegeuka: ya kwanza ndiyo ya chini na ya tatu ndiyo ya juu. Nimemwona mzee mmoja, fundi wa siku nyingi katika mashamba ya mkonge, akimpongeza mjukuu wake kwa kupata "wani", akamwambia sasa basi, umefika, rudi nyumbani tufanye kazi. Kijana akarudi. Kumbe alikuwa ndiyo kwanza ameweka mguu kwenye kidato cha chini cha ngazi.

Ngazi ya pili huitwa elimu ya ufundi, bila ya neno "stadi", na msimamizi wake ni Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, ambalo wengi hulijua kwa kifupi NACTVET. Baraza hili lilianza kwa sheria ya mwaka 1997 likiitwa NACTE, na baada ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 likapewa kusimamia na ufundi stadi pia. Madaraja yake yanahesabiwa kuanzia 4. La 4 na la 5 ni astashahada, la 6 ni stashahada, na la 8 ni shahada, sawa na ile ya chuo kikuu. Humu ndimo watokamo mafundi sanifu, maafisa tabibu, wauguzi, wataalamu wa maabara, wa kilimo na wa mifugo.

Basi huo muungano wa katikati ndio ambao mimi sikuujua, na ndio uliomwokoa kijana wetu. Mtu aliyefaulu masomo pungufu ya manne hakufungiwa daima. Akisoma ufundi stadi hadi cheti cha daraja la tatu, cheti hicho humfungulia mlango wa ngazi ya pili katika fani inayolingana na yake. Tena hata masharti ya vyuo vikuu yanakitambua: mwenye cheti cha daraja la tatu, akaongeza na stashahada yenye wastani wa pointi 3.0 au zaidi, aweza kuomba shahada ijapokuwa kidato cha nne hakupata manne. Kila chuo kina nyongeza zake za masharti, na hizo huulizwa chuoni penyewe. Lakini njia ipo.

Nikamfuata kijana stendi. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, na hilo halikuwa jepesi kwa mtu wa umri wangu. Kisha nikamweleza. Akasema, "Maalim, miaka mitatu ya VETA, kisha mitatu mingine?" Nikamwambia, miaka hiyo itapita tu, uwe shuleni au uwe stendi. Alikwenda Tanga, akasoma ufundi wa magari hadi daraja la tatu, na sasa yuko chuo cha ufundi akisomea stashahada. Juzi amenipigia simu kuniuliza suala la kukusanya sala siku za mafunzo ya vitendo, nikajua ya kuwa amekwisha nisamehe.

Wapo wanaodhani ya kuwa habari hizi za vyeti na karakana ni mambo ya dunia yasiyomhusu mwalimu wa dini. Maneno haya hunishangaza. Tumesoma katika Sura Sabaa na Sura Al-Anbiyaa habari za Nabii Daud, alayhi salaam, jinsi Mwenyezi Mungu alivyomlainishia chuma na kumfundisha kutengeneza nguo za vita, akaamrishwa apime sawasawa pete zake. Mtume wa Mungu yuko kwenye karakana, na anausiwa juu ya vipimo! Nabii Nuh alichonga jahazi. Nabii Zakaria, kwa Hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim, alikuwa seremala. Naye Imamu Ghazali, katika kitabu chake Ihya, ameziweka kazi kama ukulima, ufumaji na ushonaji katika faradhi ya kutosheleza, yaani wasipokuwako katika mji watu wa kuzifanya, mji wote waingia lawamani. Akalalamika ya kuwa wanafunzi wa zama zake walijazana katika elimu ya hukumu na mabishano, na miji ikawa haina tabibu ila asiye Mwislamu. Yapata miaka mia tisa sasa tangu aseme hayo.

Wala wasiwasi huu si mgeni katika pwani yetu. Skuli ya Serikali ya Tanga, waliyoianzisha Wajerumani mwaka 1892, ilikuwa na karakana zake, na miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi lilichapwa hapo hapo. Mombasa nako, baada ya vita vya pili, wakubwa wa Waislamu walitazama wakaona vijana wao wameachwa nyuma katika kazi za mitambo. Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamaa wa Bohora wakatoa fedha, serikali ya kikoloni nayo ikachangia, na Sheikh Khamis Mohamed Juma akatoa ardhi eka 33. Mwaka 1948 kikaasisiwa chuo cha ufundi kwa ajili ya vijana Waislamu wa Afrika ya Mashariki, na wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka 1951. Mwaka 1966 kikawa chuo cha ufundi cha watu wote, mwaka 1972 kikapandishwa daraja, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Mimi kila nikikifikiri chuo kile hunijia jambo moja: wale wazee hawakuwaambia vijana "kasomeni" tu. Walijua wasomee nini, wakajenga na mahali pa kusomea. Sisi leo hatuna haja ya kujenga, vyuo vipo. Tumeshindwa hata kuuliza masharti.

Narudi kwetu. Mtu akisimama Segera, penye njia panda ya Tanga, Dar es Salaam na Moshi, huona malori yasiyokatika. Magari yanaharibika, na mafundi wako tele kandokando ya barabara, wengi wao watoto wetu, wengi wao hodari kweli. Lakini cheti hawana. Walijifunza kwa kumshikia fundi spana, miaka mitano, sita, kumi. Ulipokuja mradi wa bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, na likapangwa kupita Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza, vijana wetu wengi walitazamia kazi ya kuchomelea vyuma. Kazi kama ile haitolewi kwa sifa ya mdomo. Mchomeleaji hutakiwa aonyeshe karatasi, kisha apimwe tena, kwa kuwa kiungo kimoja kikivuja, hasara yake haina kifani. Fundi mmoja wa Handeni, ambaye geti la msikiti wetu ni kazi ya mkono wake, alinambia kwa uchungu, "Maalim, mimi najua kuliko wao." Huenda ni kweli. Lakini nani atashuhudia?

Basi ajue fundi kama huyo, na wazazi wake wajue, kwamba VETA hupima ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Mtu aliyejifunza kazi mtaani hufika, akahojiwa, akapewa kazi aifanye mbele ya wapimaji, akionekana anajua hupewa cheti, na palipo na upungufu huonyeshwa na kufundishwa. Haanzi upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Nimewasihi mafundi watatu waende. Wawili wamekwenda, wa tatu asema hana muda, na bado ananung'unika.

Kuna balaa jingine, nalo ni vyuo vya ubao. Naviita hivyo kwa kuwa chuo chenyewe ni ule ubao ulioandikwa jina kubwa barabarani, na nyuma yake vyumba viwili na kompyuta tatu. Mpwa wangu alilipa ada ya mwaka mzima katika chuo cha namna hiyo, katika mji ambao sitautaja, akapewa cheti chenye nakshi za dhahabu kilichokuwa kizuri kuliko cha nikaha. Alipokipeleka kuombea kazi akaambiwa chuo hakikusajiliwa. Ndugu msomaji, kabla ya kutoa hata shilingi, uliza namba ya usajili, kisha mwambie kijana wako aitafute katika orodha ya Baraza, ambayo imewekwa wazi kwa watu wote. Uliza pia kama kozi yenyewe imesajiliwa, si chuo peke yake. Mwenye chuo halali hatakasirika kuulizwa. Akikasirika, chukua mtoto wako muondoke.

Habari ya ada nayo wazazi wengi huidhania tu. Kwa miaka mingi ada ya kozi ndefu katika vyuo vya VETA imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Kuna na gharama za vifaa, sare na chakula juu yake, hizo ziulizwe kabla. Mimi nimehudhuria kitchen pati na harusi ambazo kuku tu walizidi fedha hizo mara tano. Tena lipo suala la wakati: kozi ndefu huanza Januari, na maombi hufunguliwa miezi kadhaa kabla yake. Mzazi anayekaa kungojea matokeo ya kidato cha nne ndipo aanze kuulizia, huwa amekwisha kuchelewa mwaka mzima, na mwaka mzima wa kijana kukaa kibarazani waweza kumharibu.

Kwa wale wa stashahada, Serikali ilianza kutoa mikopo kwa baadhi ya fani katika mwaka wa masomo 2023/24. Huko nyuma wakopaji walitozwa asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, na waumini wengi waliogopa kwa ajili ya riba. Tozo hiyo iliondolewa mwaka 2021. Mwenye shaka iliyobaki na awaendee masheikh na karatasi ya masharti mkononi, asiende na tetesi.

Sasa nije kwenye neno lililo gumu zaidi, nalo ni lipi linamfaa nani. Watu hupenda kunijibu upesi: mvulana umeme, msichana cherehani. Cherehani ni chombo cha baraka, na nawajua wajane waliolea mayatima sita kwa cherehani moja. Lakini katika mtaa mmoja wa Korogwe nimehesabu washonaji wanawake kumi na mmoja, wanagombania sare za shule zile zile. Je, Mwenyezi Mungu amewaumba wasichana wote wa Kiislamu na kipawa kimoja? Madrasa nina binti ambaye betri ya spika ikifa ndiye anayeitwa, si wavulana. Ninaye mwingine ambaye akimwona mwenzake ameanguka, damu inamtoka, wote hukimbia, yeye huja mbio na maji. Mmoja afaa umeme au elektroniki, na mwingine uuguzi, na mama zetu wanapojifungua ndipo tunapolia kwamba hatukupata muuguzi mwanamke. Tunamtaka awe binti wa nani?

Wazazi huniuliza juu ya sitara na sala. Ni maswali ya haki, yaulizwe chuoni kabla ya kuandikisha: bweni la wasichana liko wapi, nani msimamizi wake, wanasali wapi. Hijabu nayo haizuii karakana, ila iwe fupi, ifungwe imara na kuingizwa ndani ya ovaroli, kwa kuwa mashine inayozunguka haichagui kati ya nguo ya mwenye dini na asiye na dini. Na wale mabinti waliokatishwa masomo kwa ujauzito, ambao sisi huwafungia ndani kama waliokufa, wajue kwamba tangu Novemba 2021 Serikali imewaruhusu kurudi shuleni, na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi navyo vinawapokea. Toba ni baina ya mtu na Mola wake. Cherehani, kompyuta au sindano ya uuguzi haimzuii mtu kutubu.

Wako pia wanaochagua fani pasipo kuangalia kazi yenyewe itawapeleka wapi. Kijana wa Kiislamu akisomea mambo ya hoteli, ajue mapema kwamba upishi na uokaji ni jambo moja, na kuhudumia kilabuni ni jambo jingine. Achague upande wake tangu siku ya kwanza, asingoje kuja kulia mbele ya meneja.

Na wenye watoto walio bado kidato cha kwanza na cha pili, hili ni lenu. Mtoto asemaye anataka kuwa afisa tabibu au muuguzi, asiruhusiwe kuacha Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa kuwa ni magumu, maana hayo ndiyo yanayotakiwa kwanza, na D ya Kemia itamfaa kuliko A ya somo jingine. Nimemwona kijana mwenye alama nzuri za sanaa akilia kwa ajili ya koti jeupe asiloweza tena kulivaa. Vile vile kuna jambo jipya: kwa sera ya elimu iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2025, elimu ya lazima imefanywa ya miaka kumi, na sekondari ina mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Katika mkondo wa amali mwanafunzi hujifunza ufundi pamoja na masomo mengine. Mzazi akiletewa fomu ya kuchagua mkondo, asiitie sahihi akiwa amesimama mlangoni na jembe begani. Akae, amwite mtoto, waulizane.

Mimi sasa nimejiwekea desturi. Kila mwaka matokeo yakitoka, Jumamosi ya kwanza hatusomi darasa la jioni. Vijana huja na wazazi wao na karatasi zao, na yule jirani yangu mwalimu mstaafu huja na miwani yake. Kwanza tunafuta somo la dini kwa penseli, tunahesabu yaliyobaki. Kisha namwuliza mzazi: mwanao hufanya nini kwa mikono yake akiwa peke yake, hakuna aliyemtuma? Wengi hawajawahi kulifikiri swali hilo. Mama mmoja wa Handeni, mwaka huu, alikaa kimya kitambo kirefu, kisha akasema, "Maalim, huyu hufinyanga. Tangu mdogo. Akiona udongo hatulii. Vyumba vya kuku vyote pale nyumbani amejenga yeye." Binti akainamisha uso kwa haya. Tukatazama karatasi yake: bila ya dini alikuwa na matatu, Hisabati akiwa na D, jambo ambalo si la kawaida katika kikao chetu. Jirani yangu akavua miwani, akasema, "Uashi, daraja la kwanza hadi la tatu, kisha astashahada ya ujenzi." Mama akauliza kama wanawake hujenga. Binti, ambaye hakuwa amesema neno tangu afike, akajibu mwenyewe: "Mama, si nimekwisha jenga?"

Jumatatu asubuhi walipanda basi la kwanza kwenda Tanga kuulizia chuo, mama na bintiye, na nauli ya kurudi niliwapa mimi.